Kunyamaza Si Jibu

Kwa muda mrefu nimekana kwamba nilisomea mantiki kwa chuki. Wanafunzi wangu wakiniuliza, huwaambia niliipenda kweli tangu utotoni, na wengine, maskini, huyaandika maneno hayo madaftarini. Katika hotuba moja nilifika hata kusema kwamba mantiki ni nuru. Si hivyo. Nilisomea mantiki ili nimshinde bibi yangu, mamake baba, katika hoja moja. Nilipopata shahada yangu yeye alikuwa keshazikwa, na hoja yenyewe ilikuwa imekwisha miaka mingi nyuma, kwetu Amu, yaani Lamu, katika chumba cha posta. Mtu akitaka kujua elimu ya juu ni kitu gani, ndiyo hiyo: ni kurudi na jibu zuri katika nyumba ambayo wote waliouliza swali wameshahama.

Hoja ilikuwa hii. Dadangu aliulizwa kama amemkubali mtu aliyemposa, akanyamaza. Je, alisema ndiyo?

Katika Amu ya miaka ya hamsini hilo halikuwa swali. Mwanamke aliyekwisha kuolewa, akiposwa tena, sharti ajibu kwa ulimi wake. Mwanamwali ana haya, na kimya chake ndiyo idhini yake. Sheria imemhurumia asilazimike kutamka linalomtia aibu, na mimi sina ugomvi na huruma hiyo. Ugomvi wangu ni na bibi yangu, ambaye aliizidishia huruma hiyo viraka vyake mwenyewe. Kwake, mwanamwali akinyamaza amekubali. Akilia, amemkumbuka mamake marehemu, na amekubali. Akicheka, amefurahi. Akiinuka akaenda zake, haya zimemzidi, na hakuna mke mwema kama mwenye haya. Nilipokuwa mdogo nilidhani Bibi anajua kusoma nyuso. Baadaye nikaona kwamba hakuwa na haja ya kuzitazama.

Mama alifariki nikiwa mdogo mno hata kumkumbuka. Nyumba ilikuwa na watu wanne: Baba, Bibi, dadangu mwenye miaka kumi na saba, na mimi niliyekuwa na kumi na mitatu na ulimi wa watu watatu. Baba alikuwa mwalimu wa dini. Baada ya sala ya alasiri wanafunzi wachache, watu wazima, walikuja kukaa naye kwenye msana wa ndani, ule ukumbi mrefu wa nyumba zetu, naye akiwasomesha nahau siku hii na mantiki siku ile. Sisi wanawake tulikaa upande wa pili wa pazia zito la rangi ya damu ya mzee. Tulipika kahawa, tukaisukuma sinia chini ya pazia, na mkono wa Baba ukaivuta. Kazi iliyobaki ilikuwa kuchagua mchele na kusikiliza. Kuchagua mchele ndiko tulikoamrishwa.

Mmoja wa wanafunzi hao alitoka Pate. Nasaba yake haikuwa na doa, wala Bibi hakuweza kulipata doa hilo, na alijaribu. Lakini alilima tumbaku kwa mikono yake, na msimu wa kazi ukipungua alikuja Amu kukaa kwa jamaa zake wiki kadhaa ili asome. Alikuwa na sauti ya kukwaruza kidogo na tabia ya kumwuliza Baba swali ambalo wenzake walikuwa wakiliogopa. Dadangu hakuwahi kusema naye neno. Sidhani kama alimwona uso wake zaidi ya mara chache, kutoka dirisha la juu, akipita ndiani na viatu mkononi kwa sababu ya tope.

Ila kulikuwa na ungo. Wanafunzi wengine wakisema, ungo wa dadangu uliendelea na kelele yake, shwaa, shwaa, mchele ukipepetwa. Yule wa Pate akifungua kinywa, ungo ulinyamaa. Akimaliza kusema, ungo ukaanza tena. Mimi niliyaona hayo siku baada ya siku, na kwa kuwa nilikuwa mtoto mbaya, nilianza kumtazama dadangu badala ya mchele. Mikono yake ilisimama hewani kama ya mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Mtu wa pili alikuwa mwana wa ami yetu. Alikuwa na duka la nguo, alinukia udi, na alimbusu Bibi mkono kila asubuhi kabla hajafungua duka. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya. Ingenirahisishia sana maandishi haya. Akija nyumbani kwetu, dadangu aliendelea na ungo wake bila kusita, na siku hizo wali wetu haukuwa na chembe ya mchanga.

Ikatokea kwamba wote wawili walileta posa katika wiki moja. Baba alizipokea zote mbili kwa heshima, akasema maneno ambayo wakati ule niliyaona ya uadilifu mkubwa: "Mimi sina langu. Aulizwe mwenyewe." Nilijua, na Bibi alijua, kwamba yule wa Pate alikuwa mwanafunzi wake mpendwa. Lakini Baba aliogopa kwamba akilitamka pendo lake litakuwa amri, na binti atatii akadhani amechagua. Kwa hiyo akalifunga mdomoni. Na kwa kuwa ni aibu baba kumuuliza binti jambo hilo ana kwa ana, kazi ya kuuliza ikaangukia kwa Bibi.

Bibi naye alikuwa na lake. Kwetu nyumba hupewa binti, na mume humfuata mke. Orofa ya juu ilikuwa ya dadangu tangu azaliwe. Akiolewa na mwana wa ami, nyumba itabaki mikononi mwa wajukuu wake wawili. Akiolewa na wa Pate, basi kila asubuhi Bibi angemkuta ngazini mtu mwenye harufu ya tumbaku akishuka kutoka katika chumba alichozaliwa yeye mwenyewe.

Niliwamo ndani siku ya kuuliza. Dadangu alikuwa amekaa kitandani akishona mkeka wa ukindu. Bibi akaingia, akakaa karibu naye, akamshika kidevu.

"Mwana wa ami yako ataka kukuoa. Babako amesema uulizwe. Haya, nimekuuliza kwa kanwa langu. Una neno?"

Dadangu akainamisha kichwa. Sindano ilisimama. Tulisikia watu wakipita nje na punda wao. Bibi hakungoja punda wapite.

"Alhamdulillahi," akasema, akainuka. Mlangoni akamwambia Baba, "Kanyamaa."

Jina la yule wa Pate halikutajwa. Lilikuwa la zamu ya pili, na zamu ya pili haikufika.

Usiku sikusema kitu, kwa sababu usiku tulilala chumba kimoja na Bibi. Asubuhi nilimwandama dadangu hadi kisimani.

"Umemkubali?"

"Nimenyamaza."

"Najua umenyamaza. Nakuuliza umemkubali?"

"Wewe nawe," akasema, akateka maji. "Mtu akiulizwa hivyo aseme nini?"

"Aseme la."

"Kwa kanwa?" Aliniangalia kama niliyemwambia avue nguo sokoni. "Mbele ya Bibi?"

Nikamuuliza, je, lau Bibi angelitaja lile jina jingine, angefanyaje? Akainua ndoo. Kisha akasema, polepole, "Ningenyamaza vilevile," na akaenda zake na maji yakimwagika.

Wiki hiyohiyo shangazi yetu wa Mombasa alikuja akamchukua, wakanunue vitambaa na vyombo vya harusi. Mambo yalikuwa wazi kwa kila mtu: vitambaa vikishakatwa, hakuna kurudi nyuma bila fedheha ya nyumba mbili. Kwa hiyo nilikuwa na siku chache. Nilizitumia kama ambavyo nimezitumia siku zangu zote tangu hapo, yaani kutunga hoja.

Nilimngoja Baba adhuhuri moja, baada ya chakula, alipokuwa ameegemea takia.

"Baba, moshi ni dalili ya moto?"

"Ni mfano tunaowapa wanaoanza," akasema, macho yamefumba.

"Na kama moshi hutoka penye moto, na hutoka vilevile pasipo moto, huo moshi ni dalili ya nini?"

"Ya moshi."

"Dada akimtaka mtu atanyamaza, kwa kuwa ana haya. Asipomtaka, haya zake ni zilezile, atanyamaza. Basi kimya chake ni dalili ya nini?"

Akafumbua jicho moja. "Nani amekusomesha haya?"

"Pazia, Baba."

Alicheka. Baba alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu aliyeshikwa akiiba halua. Nikaona mlango umefunguka, nikajitia.

"Tena, Bibi angeanza na yule wa Pate, Dada angenyamaza, na yeo tungekuwa twapika harusi ya Pate. Basi Dada hakuchagua mtu. Amepata aliyetangulia kutajwa. Aliyechagua ni yule aliyepanga nani atajwe kwanza."

Kicheko cha Baba kikakatika. Akakaa sawasawa. Nilimwona akiitafuta kasoro katika hoja yangu, akiigeuza huku na huku kama mtu anunuaye samaki, na nilijua hataipata. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena. Nasema hivi kwa aibu, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa maisha ya dadangu, na mimi nilikuwa nimefurahi kwamba hoja imekaa.

Bibi alikuwa ngazini. Daima alikuwa ngazini.

"Kijana asiyejua kujifunga leso," akasema akishuka, "yeo atufunza kimya maana yake nini."

"Mama," akasema Baba, "alilosema lina njia."

"Lina njia ya kwenda wapi? Niambie mimi, mwanangu, uliyesoma. Mimi nilipoulizwa juu ya babako, nilinena?" Akasimama mbele yake. "Nilinyamaa. Mamangu alinyamaa kabla yangu. Mkeo, Mungu amrehemu, aliulizwa juu yako akanyamaa, nami ndiye niliyekuletea habari ukafurahi. Ikiwa kimya si ndiyo, basi wewe umetoka wapi? Na huyu mwanao mwenye ulimi, ametoka wapi?"

Baba akainama. Mimi nilikuwa na hoja moja tu na nilikuwa nimekwisha kuitumia.

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, mwalimu wetu alituandikia ubaoni alama iliyopinda kama mdomo wa samaki. Alama hiyo, akasema, maana yake ni kwamba mtu hupenda hiki kuliko kile. Akatupa masharti. Mtu mwenye akili timamu anaweza kulinganisha vitu vyovyote viwili utakavyomwekea. Na akipenda chai kuliko kahawa, na kahawa kuliko maziwa, asije akageuka akapenda maziwa kuliko chai. Kwa masharti hayo mawili alijenga mnara wa kupendeza, na darasa zima likanakili. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza: na mtu aliyewekewa viwili akanyamaza, tunamwandikaje? Akatabasamu. "Mpe achukue," akasema, "kisha utazame mkono wake umekwenda wapi." Nilikaa chini nikafikiri juu ya mikono iliyosimama hewani juu ya ungo. Tasnifu yangu ilikuwa juu ya watu wa namna hiyo. Nilitumia karatasi nyingi, na alama nyingi za mdomo wa samaki, kuthibitisha jambo ambalo kila aliyekaa nyuma ya pazia lile alikuwa akilijua. Watahini waliisifu. Na jibu la Bibi bado sina. Ikiwa kimya si ndiyo, basi sote tumetoka wapi? Nimeligeuza swali hilo kwa lugha tatu, na kila mara naliona lina haki kuliko ninavyopenda.

Lakini Baba alikuwa mtu wa haki, na hoja ilikuwa imemchoma. Siku ya pili alitangaza kwamba atamuuliza binti yake mwenyewe, na binti atajibu kwa ulimi, kabla kitambaa hakijakatwa. Mume wa shangazi yetu alikuwa karani katika ghala moja Mombasa lenye simu. Baba alituma habari kwamba dadangu aletwe ghalani siku fulani saa kumi za jioni, naye atampigia kutoka posta.

"Utamuuliza mwanamwali kwa simu?" Bibi aliuliza. "Pale penye watu?"

"Kwa simu haonekani akiinama, Mama. Itambidi anene."

"Basi na anene," akasema Bibi, kwa utulivu ambao ulinitisha. "Mimi nimemlea. Nenda."

Akaniruhusu nimfuate Baba. Nilifikiri ameshindwa.

Karani wa posta alikuwa kijana kutoka bara, mpole, mwenye sauti kubwa kwa sababu ya kazi yake. Alizungusha simu, akaita, akangoja, akaita tena. Njiani kulikuwa na makarani wengine wa simu wa kuitwa, kila mmoja akimwita wa mbele yake. Nyuma yetu walikuwa wamesimama watu watatu waliokuja kununua stempu, na stempu zao walikuwa wameshazipata.

"Mombasa huyo," akasema karani. "Sema kwa nguvu, Mwalimu. Ukisema taratibu hakuna kitu kinachofika."

Baba akaushika mkono wa simu kama mtu aliyepewa kuku wa kuchinja. Akaniinamia ili nami nisikie.

"Hallo? Mwanangu?"

"Shikamoo, Baba." Sauti ya dadangu ilikuwa ndogo, imejaa mchakacho, lakini ilikuwa yake.

"Marahaba. Nasikia umenyamaza."

"Naam?"

"NASIKIA ULIPOULIZWA ULINYAMAZA!"

Wenye stempu wakatazama stempu zao. Mambo ambayo kwetu hayanong'onwi hata chini ya shuka, Baba aliyapiga kelele mbele ya kaunta ya serikali, jasho likimtoka chini ya kofia. Alimwambia kwamba posa zilikuwa mbili. Alimtaja mwana wa ami, akamtaja na yule wa Pate, kwa jina na kwa jina la babake. Kwa mara ya kwanza majina yote mawili yaliwekwa mbele ya dadangu pamoja, sawasawa, kama inavyotakiwa na masharti yote niliyokuja kuyasoma.

"Sasa niambie kwa ulimi wako. Wamtaka yupi?"

Mchakacho. Karani akasogea. "Ipo bado? Mara nyingine hukatika."

"Ipo," akasema Baba. "Nasikia anapumua."

"Baba," akasema dadangu hatimaye. "Wewe wamtaka yupi?"

"Mimi sina langu. Namtaka umtakaye wewe."

"Nami namtaka umtakaye wewe."

Nilimvuta Baba kanzu. Nilikuwa nimeliona tundu lile kabla yake: kila mmoja amemsimamisha mwenzake mlangoni, akimwambia apite kwanza, na aliyekwisha kupita ni Bibi. Palihitajika neno moja tu. Jina moja. Alikuwa nalo Baba, nililiona likimfika midomoni; alikuwa nalo tangu siku zile za maswali magumu na kahawa. "Mtaje," nilisema. "Baba, mtaje."

Alinitazama. Naamini hata sasa kwamba hakuwa akimwogopa mamake. Alikuwa akiogopa kumnyang'anya dadangu haki ya kuchagua. Alifungua kinywa, akakifunga.

"Mwalimu, wakati unakwisha," akasema karani kwa upole.

"Baba?" akasema dadangu kutoka Mombasa. "Hallo? Baba, upo?"

Baba alikuwapo. Nilimsikia akipumua, na bila shaka dadangu naye alimsikia. Akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko Bibi alivyomngoja yeye.

"Haya, Baba," akasema. "Nimekufahamu. Nitamwambia Shangazi akate vitambaa."

Na simu ikawekwa chini upande wa kule.